Nusu mbili za kozi moja: Prolog na ubainishaji wa aina

Kozi ya misingi ya lugha za programu niliyoisoma mwaka wa tatu wa chuo ilikuwa na sehemu mbili ambazo, kwa wiki nyingi, sikuona kwa nini zimewekwa pamoja. Sehemu ya kwanza ilihusu upangaji wa programu kwa mantiki, na chombo chake kilikuwa lugha ya Prolog. Sehemu ya pili ilihusu namna kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kwa ajili ya mashine, inavyoweza kubaini aina ya kila kitu kilichomo katika programu, kwa mfano kama ni namba, orodha au fanksheni, hata kama mwandishi hakuandika aina hata moja. Kila sehemu ilikuwa na mhadhiri wake na mazoezi yake, nami nikaweka maelezo yangu katika majalada mawili tofauti. Zoezi la mwisho, lililonichukua siku nne badala ya jioni moja niliyokuwa nimeitenga, ndilo lililonionyesha kwamba muda wote huo nilikuwa nikisoma kitu kimoja.

Kilichonitatiza mwanzoni katika Prolog hakikuwa sintaksia, kwa sababu sintaksia yake inaenea katika ukurasa mmoja. Kilichonitatiza ni mazoea. Nilikuwa nimekwisha kujifunza lugha mbili ambamo programu ni mfululizo wa amri: weka hiki pale, rudia mara kumi, rudisha jibu. Katika Prolog huiambii mashine ifanye nini. Unaandika taarifa unazozijua na kanuni zinazozihusisha, kisha unauliza swali, na mashine hutafuta njia ya kulithibitisha. Mfano wa kwanza tuliopewa ulikuwa wa kuunganisha orodha mbili:

unganisha([], L, L).
unganisha([K|M], L, [K|N]) :- unganisha(M, L, N).

Mstari wa kwanza unasema kwamba orodha tupu ikiunganishwa na L, matokeo ni L yenyewe. Wa pili, ambamo alama :- husomwa "iwapo", unasema kwamba orodha yenye kichwa K na mkia M ikiunganishwa na L, matokeo yake huanza na K, na mkia wa matokeo hayo ni M iliyounganishwa na L. Niliusoma nikaona ni ujirudiaji wa kawaida tu, ule ule niliouzoea, ulioandikwa kwa mtindo wa ajabu. Kisha mhadhiri akauliza swali kinyumenyume: ni orodha zipi mbili ambazo zikiunganishwa hutoa [1,2,3]? Programu ile ile, bila kuguswa herufi, ikatoa majibu manne, kuanzia orodha tupu pamoja na orodha nzima hadi orodha nzima pamoja na orodha tupu. Nilirudi chumbani nikaijaribu mwenyewe mara kadhaa, nikitafuta hila iliyofichwa, na sikuipata kwa sababu haikuwepo. Kanuni ile haikueleza jinsi ya kuunganisha; ilieleza uhusiano uliopo kati ya orodha tatu, na uhusiano hauna mbele wala nyuma.

Furaha hiyo ilipungua kidogo tulipofika kwenye hesabu, ambako Prolog ya kawaida hujumlisha upande mmoja tu, na ikapungua zaidi nilipoandika kanuni ya ukoo. Niliandika kwamba X ni mhenga wa Z iwapo X ni mhenga wa Y, na Y ni mzazi wa Z. Kimantiki sentensi hiyo haina dosari. Lakini Prolog hushughulikia masharti kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo ili ijue nani ni mhenga, hatua yake ya kwanza ilikuwa kuuliza nani ni mhenga, na ili ijibu hilo ikauliza tena nani ni mhenga, mpaka kumbukumbu ya kompyuta ikajaa. Nilipopanga upya ili sharti la mzazi litangulie, jibu lilikuja papo hapo. Robert Kowalski, mmoja wa waasisi wa fani hii, alilieleza jambo hilo mwaka 1979 kwa mlinganyo mfupi: algoriti ni mantiki ukijumlisha na udhibiti. Mimi nilikuwa nimeandika mantiki sahihi na kuuachia udhibiti ujitafutie njia, nao ukapotea. Kuhusu ukanushaji nitasema machache tu: katika Prolog, kusema kwamba jambo fulani si kweli humaanisha kwamba mashine imeshindwa kulithibitisha, na anayesahau tofauti hiyo atakumbushwa na programu yake mwenyewe.

Chini ya yote hayo kulikuwa na tendo moja ambalo darasani tuliliita yunifikesheni, na ambalo katika daftari langu niliandika uoanishaji, jina nitakaloendelea kulitumia. Kuoanisha ni kuchukua maumbo mawili yenye nafasi zisizojulikana, yaani vigeu, na kutafuta thamani za vigeu hivyo zitakazoyafanya maumbo yote mawili yawe sawasawa. Chukua f(X, g(Y)) na f(g(Z), X). Vichwa vinafanana, kwa hiyo tunashuka ndani. Nafasi ya kwanza inadai X iwe g(Z). Nafasi ya pili inadai g(Y) iwe sawa na X, ambayo sasa ni g(Z), kwa hiyo Y lazima iwe sawa na Z. Maumbo yote mawili yanakuwa f(g(Z), g(Z)), na Z inabaki wazi kwa sababu hakuna kilichodai iwe kitu fulani. Huo uwazi unaobaki ndio uliokuwa mgumu kwangu kuuzoea. Katika lugha nilizozijua, kigeu kisichopewa thamani ni kosa la mwandishi. Hapa ni jibu halali kabisa, tena jibu bora, kwa sababu halijafunga mlango wowote ambao haukuhitaji kufungwa.

Tendo hilo lilielezwa na John Alan Robinson katika makala ya mwaka 1965, akitafuta njia ambayo mashine ingeweza kuitumia kuthibitisha nadharia za mantiki. Alithibitisha pia kwamba maumbo mawili yakiwa yanaoanishika, basi kuna uoanishaji mmoja ulio wa jumla kuliko mingine yote, na kwamba mingine yote hupatikana kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kutokana na kazi hiyo, Alain Colmerauer na Philippe Roussel, wakiwa Marseille, walitengeneza Prolog ya kwanza mwaka 1972, wakishirikiana kimawazo na Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Nilikariri tarehe hizo kwa ajili ya mtihani, nikafunga jalada la kwanza.

Jalada la pili lilifunguliwa kwa swali ambalo nililiona rahisi mno. Ukipewa fanksheni inayopokea f, kisha g, kisha x, na kurudisha f ya g ya x, aina yake ni ipi? Hakuna kilichoandikwa kuhusu f, g wala x. Mhadhiri wa pili alitufundisha kuanza kwa kukiri ujinga wetu: tuseme aina ya f ni P, ya g ni Q, na ya x ni S, zote hazijulikani. Kwa kuwa g inatumiwa juu ya x, Q lazima iwe S → U kwa U fulani, yaani aina ya fanksheni inayopokea S na kurudisha U. Kwa kuwa f inatumiwa juu ya matokeo hayo, P lazima iwe U → V. Hakuna kingine kinachodaiwa mahali popote, kwa hiyo aina ya fanksheni nzima ni (U → V) → (S → U) → S → V, na kila aina nyingine ambayo fanksheni hiyo inaweza kupewa ni mfano wa hii iliyojazwa nafasi zake. Nilifanya mazoezi kumi na mawili ya namna hiyo kwa kalamu, nikapata alama nzuri, na sikushtuka. Leo nikiyaangalia maelezo yangu ya wiki hiyo naona haya kidogo, kwa kuwa sentensi kuhusu uoanishaji wa jumla kuliko mingine yote ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu katika majalada yote mawili, kwa maneno yanayokaribia kufanana.

Zoezi la mwisho lilisema hivi: andika, kwa Prolog, programu inayobaini aina za lugha ndogo yenye vigeu, lamda (yaani fanksheni isiyo na jina: lamda x. x hupokea x na kurudisha x) na matumizi ya fanksheni. Nilitenga kurasa nyingi. Nilikuwa nimepanga kuandika sehemu ya kuzalisha milinganyo, sehemu ya kuitatua, na sehemu ya kurudisha majibu katika mti wa programu. Nikaanza kwa kunakili tu zile kanuni tatu za aina kutoka ubaoni, ili niwe nazo mbele yangu:

aina(M, kigeu(X), T) :- tafuta(X, M, T).
aina(M, lamda(X, B), (A -> R)) :- aina([X-A|M], B, R).
aina(M, tumia(F, E), R) :- aina(M, F, (A -> R)), aina(M, E, A).

M ni muktadha, yaani orodha ya majina na aina zake. Nilipomaliza kunakili nilitambua kwamba hakukuwa na kingine cha kuandika isipokuwa tafuta. Sehemu ya kutatua milinganyo ilikuwa tayari imo ndani ya Prolog. Ndiyo Prolog yenyewe. Pale ambapo kalamu yangu iliandika kwamba Q lazima iwe S → U, mashine ilikuwa inaoanisha kigeu na umbo, kama ilivyofanya katika kuunganisha orodha. Niliuliza aina ya fanksheni yetu ya f, g na x, na jibu lilikuwa lile la daftarini, herufi za vigeu tu ndizo zilizotofautiana.

Hapo ndipo siku nne zilipoanza, kwa sababu kanuni tatu zinazofanya kazi juu ya mfano mmoja si programu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu waziwazi. Tafuta yangu ilipita katika muktadha wote na kukubali jina popote lilipo. Kwa lamda x iliyo ndani ya lamda x nyingine, ambapo x ya ndani huifunika ya nje, programu ilitoa jibu sahihi A → B → B, na nilipoomba jibu lingine ikarudi nyuma na kuniletea A → B → A, ambalo ni uongo. Kubaini aina ni kazi yenye jibu moja la jumla, ilhali utafutaji wa Prolog hufurahia majibu mengi. Nikalazimika kuiambia isimame kwenye jina la kwanza inalolikuta.

Kosa la pili halikuwa langu, au ndivyo nilivyojitetea. Niliipa programu fanksheni inayopokea x na kuitumia x juu ya x yenyewe. Kila kitabu kinachoeleza mfumo huu husema kwamba fanksheni hiyo haina aina: ikiwa aina ya x ni A, basi A lazima iwe sawa na A → R, na hakuna umbo lenye mwisho linaloweza kuwa sehemu ya ndani ya lenyewe. Programu yangu ilijibu ndiyo. Nilisoma kanuni zangu tatu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nikizishuku zote kwa zamu, kabla ya kuuliza swali dogo kuliko yote: X = f(X). Prolog ikajibu ndiyo kwa hilo pia.

Sababu yake imo katika historia ya lugha. Algoriti ya Robinson ina hatua inayokagua, kabla ya kukipa kigeu thamani, kama kigeu hicho hakimo ndani ya thamani hiyo hiyo. Prolog kwa kawaida huiruka hatua hiyo kwa ajili ya kasi. Bila ukaguzi, kukipa kigeu thamani ni hatua moja, hata kama thamani hiyo ni muundo wa maelfu ya vipande; pamoja na ukaguzi, muundo wote hupaswa kupitiwa. Kwa programu nyingi za kila siku maumbo yanayojimeza hayatokei, kwa hiyo biashara hiyo ina maana. Kwa ubainishaji wa aina haina maana kabisa, kwa sababu ukaguzi huo ndio unaokamata makosa ya namna hii. Ukiuondoa, unaweza kuandika fanksheni ya ujirudiaji usio na mwisho na kuipa aina yoyote unayoitaka, na mfumo wa aina unaokubali kila kitu haukuambii chochote. Dawa yake ni fupi: kiwango cha Prolog kilichotolewa mwaka 1995 na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kina amri ya kuoanisha kwa ukaguzi, nami nikaiweka katika sehemu zinazohusika. Lakini hapo ndipo niliponyamaza kwa muda mbele ya skrini. Nusu mbili za kozi zilikuwa tendo moja, isipokuwa mahali pamoja ambapo nusu ya kwanza ilikuwa imetupa kitu ambacho nusu ya pili haiwezi kuishi bila nacho, na hakuna mhadhiri aliyetuambia. Baadaye niliambiwa kwamba zoezi lilipangwa hivyo kwa makusudi. Sijaamua kama naamini.

Sehemu ya ziada ya zoezi ilidai tuongeze acha, yaani uwezo wa kukipa kitu jina na kulitumia mara nyingi: acha i iwe lamda x. x, kisha itumie i juu ya namba na pia juu ya thamani ya kweli au uongo. Kwa kanuni zangu jambo hilo lilishindikana. Mara i ilipotumiwa juu ya namba, kigeu cha aina yake kilioanishwa na namba, na kikabaki hivyo. Uoanishaji hauna kusahau. Kilichohitajika ni nakala mpya ya aina ya i kwa kila matumizi. Prolog inayo amri ya kunakili umbo na kulipa vigeu vipya, kwa hiyo niliitumia kwa kila jina lililotoka katika acha, mfano ukakubalika, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi nikajaribu kitu kidogo: lamda x, kisha ndani yake acha y iwe x, kisha rudisha y. Hiyo ni fanksheni inayorudisha ilichopewa, na aina yake ni A → A. Programu yangu ilisema A → B. Kwa maneno mengine, ilinihakikishia kwamba naweza kuingiza namba na kutoa chochote. Nilikuwa nimenakili kigeu ambacho sikuwa na haki ya kukinakili. Aina ya y si huru. Imefungwa na x, ambayo bado imo katika muktadha na ambayo aina yake haijajulikana. Kanuni sahihi ni kunakili vile vigeu tu ambavyo havionekani mahali popote katika muktadha. Nilipofungua tena maelezo ya jalada la pili niliikuta imeandikwa, na nimeipigia mstari, bila kuielewa. J. Roger Hindley alikuwa ameonyesha mwaka 1969 jinsi uoanishaji wa Robinson unavyotoa aina ya jumla. Robin Milner aliufikia mpango wa kubaini aina pamoja na acha katika makala ya mwaka 1978, akiwa Edinburgh, ambako lugha ya ML ilizaliwa kama chombo cha mfumo wa kuthibitisha nadharia. Na Luis Damas pamoja na Milner waliandika mwaka 1982 uthibitisho kwamba algoriti hiyo hupata aina ya jumla kuliko zote. Kwamba Kowalski na Milner wote wawili walifanya kazi katika Edinburgh ya miaka ya 1970 ni jambo ambalo ningependa lingesemwa siku ya kwanza ya kozi.

Acha ina gharama yake pia, nami niliipima kwa udadisi tu. Acha d0 iwe fanksheni inayopokea x na kurudisha jozi ya x na x. Acha d1 iwe d0 iliyotumiwa mara mbili, d2 iwe d1 iliyotumiwa mara mbili, na kuendelea. Programu ni ya mistari michache, lakini aina ya matokeo ya d1 ina nafasi 4, ya d2 ina 16, ya d3 ina 256, ya d4 ina 65,536, na ya d5 ina 4,294,967,296. Programu yangu iliichapisha aina ya d3 kwa shida, ikaifanya skrini iende mbio kwa d4, na kwa d5 niliizima mimi. Mwaka 1990 ilithibitishwa kwamba hali hiyo haiepukiki kwa mbinu bora zaidi: ubainishaji wa aina wa ML, katika hali yake mbaya kabisa, hudai muda unaokua kwa kipeo. Hata hivyo watu huandika OCaml na Haskell, lugha zinazobaini aina kwa namna hiyo, kila siku bila kulihisi hilo, kwa kuwa hakuna anayeandika programu kama ile isipokuwa mwanafunzi anayetaka kuona itakuwaje.

Baada ya kukabidhi zoezi nilikumbuka zile orodha tatu na swali la kinyumenyume. Ikiwa aina ni uhusiano kati ya programu na aina yake, basi naweza kutoa aina na kuomba programu. Nilirekebisha kwanza namna majina yanavyotolewa, ili kila lamda ipate jina lake jipya, kisha nikauliza ni fanksheni gani yenye aina a → b → a, ambapo a na b ni aina mbili tofauti zisizo na chochote ndani. Jibu likaja mara moja: pokea x, pokea y, rudisha x. Nikauliza (b → c) → (a → b) → a → c, nayo ikaniandikia fanksheni ya f, g na x ambayo wiki kadhaa kabla niliitafutia aina kwa kalamu. Ukizisoma mishale hiyo kama neno basi, aina hizo ni kauli za mantiki, na programu inayopatikana ni uthibitisho wa kauli yake; hivyo jalada la kwanza lilikuwa linafanya kazi yake ya asili kwa kanuni za jalada la pili.

Kisha nikauliza a → b. Mashine haikujibu. Ilikuwa inatafuta fanksheni itakayotoa b, na ili kuitumia fanksheni hiyo ikahitaji b nyingine, na kwa ajili ya hiyo fanksheni nyingine, sawasawa na ilivyokuwa kwa mhenga. Niliiwekea kikomo cha kina: ilijibu hapana kwa kina cha 5, hapana kwa kina cha 8, na kila hapana ilimaanisha tu kwamba haikukuta kitu kabla ya kikomo. Kwamba fanksheni hiyo haipo kabisa nilikuja kulithibitisha kwa kalamu, kwa mistari miwili: kila aina yenye programu ni kauli iliyo kweli daima, na a → b huwa uongo a ikiwa kweli na b ikiwa uongo. Karatasi hiyo sikujua niiweke katika jalada lipi.